Mtoto Aliyetokea Kwenye Filamu

Kwenye kompyuta hakuwepo, na kwenye karatasi hakuwepo. Lakini Moffat, mwenye duka la uchapaji mjini Nyeri, alipoinua filamu ya programu ya mazishi, ile plastiki angavu inayobeba picha kabla ya kuchapwa, mtoto alikuwa amesimama kando ya picha ya marehemu.

"Magda, huyu ametoka wapi? Kwa computer hakuwa."

Magdaline, mpangaji wa kurasa, alimtambua mara moja. Alikuwa Wangechi, bintiye, aliyefariki kwa surua mwaka wa 1995 bila kupigwa picha hata moja. Aliahidi kurudia kazi, kisha akaificha ile filamu kotini. Maskini mama, nani angemlaumu?

Siku chache baadaye ilikuja kadi ya harusi. Wangechi alitokea tena, ameshika mkono wa bibi harusi. Magdaline alifurahi kimyakimya, akaificha filamu hiyo pia. Kabla ya harusi, wazazi wa bibi harusi walirudi na picha yake, wakitaka programu ya mazishi yake.

Ndipo ikaja kalenda ya kwaya ya watoto kanisani, na Waithira, mtoto wa Magdaline aliyebaki, alikuwa mstari wa mbele pichani.

Ndani ya chumba cha giza, filamu ikielea kwenye dawa ya kuisafishia, Magdaline alisikia harufu ya dawa ikififia na harufu ya kafuri ikipanda, kafuri ileile aliyompaka Wangechi kifuani siku ya mwisho, akahisi pumzi ndogo ya joto kwenye kiwiko chake, na alipothubutu kutazama alimwona Wangechi amemkumbatia Waithira shingoni, macho meupe, meno meusi, akicheka.

"Moffat," alinong'ona mlangoni, "hii film nimerudia na kurudia. Hamwachilii."

"Ati nani?"

Magdaline alimpita. Aliiweka filamu juu ya meza ya kioo yenye taa, akachukua brashi na ile rangi nyekundu ya kuziba mahali pasipotakiwa kuchapwa. Alianza na miguu ya Wangechi. Alipofika mikononi, sauti ikatoka chini ya kioo.

"Mami, ni mimi."

"Najua, mtoto wangu. Lakini mwache dada yako."

Uso aliubakisha mwisho. Aliutazama mpaka machozi yakamzuia kuuona, akaupaka.

Zile filamu za kotini alizikuta hazina mtoto. Kalenda ilitoka safi, na Waithira yuko hai. Lakini Magdaline akijaribu kuukumbuka uso wa Wangechi, huona wekundu tu.