Koti la Kiraka

Kila siku isiyo ya shule, kazi ya kwanza ya Kipimo ilikuwa kufagia chumba cha mbele, ambacho mama yake alikuwa amekigeuza kuwa karakana ya ushonaji. Alianzia chini ya meza ya kukatia, akapita chini ya cherehani, akamalizia mlangoni. Nyuzi na mabaki ya vitambaa alivyokusanya alivitia kwenye gunia lililokaa pembeni, kwa maana kwa mama yake hakuna kitambaa kilichotupwa. Jina lake la shuleni lilikuwa zuri tu, lakini nyumbani na mtaani hakuna aliyelitumia. Tangu siku alipojua kushika futi ya fundi, hakuna kilichosalimika mikononi mwake. Alipima madirisha, alipima masikio ya bibi yake, na siku moja alimpima mwalimu wa hesabu mgongo alipokuwa ameinama kuokota chaki. Jina la Kipimo lilimganda kuanzia siku hiyo.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mama alikuwa ameanza kumruhusu kukalia cherehani. Ruhusa hiyo ilikuja na sharti moja, ambalo halikuwa na mjadala: pini ikitoka kwenye kimto chake, irudi kwenye kimto kabla nguo haijaondoka mezani. Fundi anayemchoma mteja kwa pini, mama alisema, heri afunge duka akauze mboga. Atakayevunja sharti hilo atakaa mbali na cherehani hadi mwaka uishe. Bibi, ambaye kazi yake ilikuwa kushona vifungo, alikuwa akinong'ona kwamba hata yeye aliyemzaa mama huyo anamwogopa.

Mwezi mmoja kabla ya mambo haya, mwashi wa nyumba ya jirani alipata kazi ya mbali, mahali ambapo hakuruhusiwa kwenda na mbwa wake. Mbwa mwenyewe alikuwa mweupe, mwenye doa jeusi kwenye jicho la kushoto, na kwa hiyo aliitwa Kiraka. Kipimo alimsihi mama wiki nzima, asubuhi na jioni, mpaka mama akachoka na kukubali. Lakini alimweleza wazi kwamba hapo panaingia wateja, na wateja wengine wanakuja na watoto wadogo. Siku Kiraka atakapomuuma mtu, siku hiyo atatafutiwa kwao kwingine.

Kipimo alimpenda Kiraka kupita kiasi, na balaa lote lilianzia hapo. Yeye alikuwa mtoto wa kukumbatia watu, tena kwa nguvu, na alidhani mbwa naye hupendwa hivyo hivyo. Alipotoka shuleni alimrukia shingoni. Alipomkuta anakula alimbusu kichwani, na alipomkuta amelala alimwamsha ili amwambie kwamba anampenda. Kiraka aligeuza uso pembeni, akajilamba pua, akapiga miayo, kisha akatafuta njia ya kujichomoa.

"Huyu mbwa akikuona tu anaanza miayo," bibi alimtania. "Usingizi gani huo wa saa nne asubuhi?"

Kilichomuumiza Kipimo zaidi ni kwamba Kiraka alipojichomoa alikwenda moja kwa moja kulala miguuni mwa bibi. Bibi hakumbembeleza wala kumsemesha. Alishona vifungo vyake tu, na mara mojamoja alimkuna mbavu kwa kidole gumba cha mguu. Wivu ulimpanda Kipimo. Akaona dawa ni kumpa Kiraka zawadi ambayo hakuna mbwa mwingine mtaani aliyewahi kuipata, yaani koti la kushonewa kwa vipimo vyake mwenyewe.

Jumamosi moja mama alitoka kupeleka sare za shule kwa wateja, na bibi akajilaza chumbani. Kipimo alimpima Kiraka kifua, shingo na mgongo, akachagua kwenye gunia vipande vya kitambaa kizito cha rangi ya kahawia, akakata, akabana kwa pini, akashona. Mkono ulikwenda mbio kwa sababu alitaka mama akirudi amkute Kiraka amevaa. Alipomaliza hakukikagua kimto. Alimvalisha Kiraka koti, akafunga kifungo cha pekee kilichokuwa chini ya shingo, na kwa furaha aliyokuwa nayo akamzungushia mikono na kumkumbatia kwa nguvu zake zote.

Kiraka alitoa mlio mkali ambao Kipimo hakuwahi kuusikia. Kufumba na kufumbua aligeuka, meno yakamkwaruza Kipimo kwenye kiwiko cha mkono, kifungo kikakatika, na mbwa akakimbilia chini ya meza. Koti lilibaki mikononi mwa Kipimo. Aliligeuza, na hapo upande wa ndani, palipokaa kwapa la mbwa, akaiona pini imesimama. Wakati huo huo alisikia viatu vya mama vikikaribia mlangoni. Bila kufikiri mara mbili, akalisokomeza koti kwenye gunia la mabaki, chini kabisa.

Mama aliona damu kabla hajaweka kapu chini. Alimkokota Kipimo hadi bombani, akamwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha wakaenda zahanati. Muuguzi aliuliza kama mbwa amechanjwa, na mama akamwonyesha kadi ya chanjo aliyoiacha mwashi. Muuguzi alisema hilo ni jambo jema, ila mbwa aangaliwe kwa siku kumi, na daktari wa mifugo aitwe aje kumpima. Kisha akamgeukia Kipimo.

"Ulikuwa unamfanya nini, mwanangu?"

Kipimo alitazama sakafu. Aliliona cherehani linakwenda mbali naye mwaka mzima.

"Hakuna kitu," alisema. "Nilikuwa nimekaa tu."

Maneno hayo matano yalitosha. Mama aliporudi alimfunga Kiraka kwa kamba uani, karibu na bomba, akamkataza Kipimo kumkaribia. Mbwa anayemuuma mtoto aliyekaa kimya, alimwambia bibi, hawezi kubaki kwenye nyumba inayoingia watu. Siku kumi zikiisha angekwenda kwa mlinzi wa ghala la mbao, ambaye alikuwa akitafuta mbwa mkali wa kumfunga mnyororo getini. Bibi alitikisa kichwa akasema Kiraka na ukali ni vitu viwili mbalimbali, lakini mama alikuwa ameshaona damu ya mwanawe.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu kwa Kipimo. Mama alimhurumia, akamruhusu kushona mito miwili peke yake, na huruma hiyo ndiyo iliyomkera zaidi, kwa sababu alijua hakuistahili. Kila alipoinua macho kwenye cherehani alimwona Kiraka kupitia dirisha, kichwa juu ya miguu ya mbele, akitazama mlango ambao hakuruhusiwa tena kuupita. Hakubweka, hakuilalamikia kamba. Kipimo alijaribu kujiambia kwamba ghalani mbwa atakuwa na nafasi kubwa, lakini alijua anajidanganya. Mshono wa mto wa pili ukaenda kombo akalazimika kuufumua.

Siku ya kumi daktari wa mifugo alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na begi lililochakaa. Kipimo alimpa shikamoo, akaitikiwa, kisha akasimama kando. Daktari alimfungua Kiraka kamba, akampapasa kichwa, tumbo na miguu bila haraka, na mbwa akatulia akiwa amemwegemea goti. Alipofika kwenye kwapa la kulia, Kiraka alishtuka na kuuvuta mguu. Daktari alipaangalia kwa muda, akasema kuna kidonda kidogo kinachopona, labda mwiba.

"Mama fundi, mbwa huyu hana ugonjwa," alisema huku akisimama. "Lakini kama kweli alimrukia mtoto aliyekaa tu, siwezi kukushauri ubaki naye. Mlinzi wa ghala anaweza kuja kumchukua leo."

Mama alikwenda ndani kuchukua simu. Kipimo alimtazama Kiraka, na Kiraka akamtazama yeye, kisha akageuza uso pembeni kama alivyozoea. Hapo Kipimo hakuweza tena. Alikimbilia karakana, akalipindua gunia sakafuni, mabaki yakamwagika miguuni mwa mama aliyekuwa tayari anabonyeza namba. Akaliokota koti na kumkabidhi. Pini ilikuwa bado ndani.

"Mama, usimpigie," alisema. "Sikuwa nimekaa tu. Nilimvalisha hili nikambana kwa nguvu, na pini sikuirudisha. Kiraka hakunivamia. Mimi ndiye niliyemchoma."

Mama aliligeuza koti, akaichomoa pini, akaitazama. Bibi aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano alisimamisha mkono. Kisha mama akaiweka simu mezani. Alisema kwa utulivu kwamba Kipimo hatakalia cherehani hadi mwaka uishe, kama walivyokubaliana, na Kipimo akaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtoka. Kisha mama alitoka uani akamweleza daktari yote, bila kuficha.

Daktari hakumkemea Kipimo. Alimketisha kwenye kizingiti, akamwambia kwamba hata bila pini, mbwa yule alikuwa akimwomba nafasi muda mrefu. Mbwa wengi hawapendi kubanwa shingo, kwa sababu hawajui kama wataachiwa. Kugeuza uso, kujilamba pua na kupiga miayo wakati hana usingizi ni namna yake ya kusema kwa adabu kwamba hapo basi.

"Sasa nifanye nini anipende?" Kipimo aliuliza.

"Usimfuate. Kaa chini, umgeuzie ubavu, mkono uuache pajani, umngoje aje mwenyewe. Akija, mkune kifuani kidogo, halafu acha. Akitaka zaidi atakuambia. Akiondoka, mwache aende. Anapokula na anapolala, usimguse kabisa. Na kila siku saa ile ile mtoe matembezi, umwache anuse anapotaka, hata kama nguzo moja itawachukua nusu saa."

Mama alikubali Kiraka abaki, mradi Kipimo afuate maneno hayo na wateja wasisumbuliwe. Kuanzia kesho yake, saa ambazo angekaa kwenye cherehani Kipimo alizikaa kwenye kizingiti, sahani ya vifungo mapajani, akimchagulia bibi vikubwa na vidogo. Siku tatu za kwanza Kiraka alilala upande wa pili wa ua na hakusogea hata hatua moja. Kipimo alijikaza. Mikono ilimwasha kutaka kumshika, lakini aliiacha kwenye vifungo. Siku ya nne mbwa alikuja, akanusa kiatu chake, akaenda zake. Kipimo alikwenda kumwambia bibi habari hiyo kama aliyepata zawadi.

Matembezi nayo hayakuwa rahisi. Nguzo iliyokuwa mbele ya kinyozi ilinuswa kila siku kama vile haijawahi kuonekana, na kinyozi alimuuliza Kipimo kama mbwa wake anasomea shahada ya nguzo. Zamani Kipimo angemvuta kamba. Sasa alisimama, akangoja, na wakati akingoja alianza kumjua Kiraka. Alijua kwamba anaogopa ndoo za chuma, kwamba huinua sikio moja tu anaposikia baiskeli, na kwamba mkia wake huanza kutikisika kabla hawajafika kona ya kurudi nyumbani.

Wiki ya tano, siku ya Jumapili, Kipimo alikuwa kizingitini kama kawaida. Kiraka alitoka uani, akapita miguu ya bibi bila kusimama, akaja akakaa na kumwegemezea Kipimo mgongo kwa uzito wake wote. Kipimo alishusha mkono taratibu, akamkuna kifuani mara tatu, akaacha. Mbwa aligeuka, akauinua ule mkono kwa pua, akaurudisha kifuani pake.

Kipimo alitamani kumkumbatia. Hakumkumbatia. Alimkuna tu, na machozi yakamlenga.

Mama, aliyekuwa akiona yote kutoka kwenye cherehani, aliacha kukanyaga pedeli akaja kusimama mlangoni.

"Kwamba unampenda, sikuwahi kuwa na shaka," alisema. "Lakini ulikuwa unampenda bila kumuuliza anataka nini. Halafu ulipokosea, ukamwachia yeye alibebe kosa lako, na yeye hana mdomo wa kujitetea. Unakumbuka ile siku uliyolimwaga gunia?"

"Nakumbuka, mama."

"Mimi nadhani siku ile ndiyo ulianza kumpenda. Ukimpenda mtu, au mnyama, mwambie ukweli na umsikilize. Mengine yatakuja yenyewe, kama alivyokuja huyu."

Kisha akamwambia ainuke aende kunawa mikono, chakula kiko tayari. Kipimo alisema anakuja. Lakini Kiraka alikuwa amesinzia, kichwa kimemlalia pajani, na mbwa aliyelala haamshwi. Basi akabaki hapo hapo, mguu ukamfa ganzi, bibi akamletea sahani yake kizingitini.