Kikopo cha Fundi Saa

Jumatano, saa saba na robo mchana, fundi saa alikuwa mezani akila viazi vya kuchemsha alipoangusha kijiko. Alitaka kuinama akiokote, miguu ikagoma. Saa nane kasorobo alikuwa hospitali, mashine ikichora mapigo ya moyo wake kwa ncha zilizochongoka. Saa nane na dakika tano ikachora mstari ulionyooka.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Inspekta aliingia kwenye nyumba ya msiba akakuta hukumu imeshatolewa. Dada wa marehemu alikuwa amemsimamia mjane kichwani.

"Huyu ndiye aliyekuwa anampikia," alisema. "Afande, unatafuta nini tena? Mfunge."

Mdogo wa marehemu, mwalimu wa mazoezi aliyeishi humo humo na kuitwa Chuma kwa sababu ya misuli yake, alidakia kwamba mwanamke huyo hatagusa jeneza la kaka yake. Na mkuu wa Inspekta alikuwa ameshaamuru: asipopatikana mwingine kufika saa kumi jioni, mjane aende mahabusu. Mazishi yalikuwa kesho yake. Mjane asingemwona mumewe akifukiwa.

Inspekta alikuwa na jambo moja alilomwomba daktari asimwambie mtu. Damu iliyochukuliwa kabla moyo haujasimama ilikuwa na potasiamu nane nukta tisa. Kwa mtu mzima, tano ni nyingi. Figo za fundi saa zilikuwa zimekufa miaka miwili, na mashine ndiyo iliyomsafisha damu. Jumatatu alitoka kwenye mashine akiwa salama. Basi ndani ya siku mbili kuna kitu kilichoingia mwilini kikakosa pa kutokea, hadi kikaushika moyo.

Alianza na jikoni. Mjane, macho yamevimba, alieleza bila kuulizwa mara mbili: viazi huvikata vidogo, huviloweka, huvichemsha mara mbili na kumwaga maji yote. Nyumba nzima ilikula sufuria moja. Chumvi hatii kabisa. Kila mtu hujitilia mezani, na marehemu alikuwa na kikopo chake, akinyunyiza kiasi alichopangiwa.

"Jumanne alisema chakula kina uchungu na chumvi haikolei, akaongeza," alisema. "Nikajua ugonjwa umemharibu ulimi."

Kwenye ndoo ya taka Inspekta alikuta maganda mawili ya ndizi, tunda alilokatazwa marehemu. Alipobanwa, dada alitukana kwanza, kisha akalia, akakiri kwamba alimletea kwa siri kwa sababu kaka yake alizililia kama mtoto. Mjane alimtazama wifi yake kwa jicho ambalo lingekausha nguo. Lakini Inspekta alimpigia daktari, na daktari akasema ndizi mbili haziwezi kupandisha potasiamu kiasi kile.

Kikabaki kikopo. Alilamba chembe mbili, akatema. Uchungu wa sarafu.

Saa tisa maabara ilijibu: ni chumvi mbadala, ile ya potasiamu wanayouziwa wenye presha. Saa tisa na nusu muuguzi wa kliniki ya figo alimwambia kwamba chumvi hiyo huwa wanaikataza kwa ukali kwenye somo la wanaojiandaa kupandikizwa. Somo la mwisho walihudhuria wawili: marehemu, na mdogo wake ambaye angempa figo Jumatatu ijayo.

Saa kumi kasoro dakika kumi aliwakalisha watatu mezani, akamwekea kila mmoja kisahani chenye chumvi kidogo kutoka kwenye kikopo.

"Kilichomuua kimo humu," alisema. "Asiye na hatia alambe."

Dada alisukuma kisahani, akamuuliza kama ana wazimu. Mjane alikigusa, akakirudisha, akasema ana watoto wawili wa kulea. Chuma alicheka, akawaita waoga, akalamba kisahani hadi kikang'aa.

"Haya. Nimekufa?"

"Hujafa. Umejuaje kwamba hutakufa?"

Kicheko kilimkatika. "Si… mimi figo zangu ni nzima."

"Nani ametaja figo hapa? Mimi nimesema kilichomuua. Hawa wawili wameogopa kwa sababu hawajui ni nini."

Chuma aliwatazama wote, halafu akaitazama mikono yake minene. Alipoongea, alikuwa na hasira, si majuto. Alisema walimuuliza habari ya kutoa figo mbele ya ukoo mzima, wanawake wakipiga vigelegele hata hajajibu. Wangempasua ubavu, na mwili huu ndio kitu pekee alichonacho.

"Hakuna aliyeniuliza pembeni," alisema.

"Daktari alikuuliza," Inspekta alimjibu. "Mlikuwa wawili, mlango umefungwa. Alikwambia ukikataa ataiambia familia kwamba vipimo havikukubali, na siri atakufa nayo. Imeandikwa kwenye faili la kliniki: ulijibu, 'Mimi simba, niko tayari.' Neno moja tu, Chuma: hapana. Kaka yako angerudi kwenye mashine yake leo asubuhi."

Dada aliinuka, akampiga mdogo wake kofi la shavu, kisha akasimama pale asijue pa kuuweka mkono.

Pingu zilipofungwa, mjane alikuwa bado amekaa. Hakumtazama Chuma wala wifi yake.

"Afande," alisema taratibu, "kwa hiyo kesho nitamzika mume wangu?"

"Utamzika."

Ndipo akalia.