Mbizi ya Mwisho Kabla ya Ndege

Duka la kuzamia lilijaa wageni, kila mmoja na taulo begani, wakasukumana mpaka fundi wa magauni ya harusi akajikuta uso kwa uso na mwalimu wa kuzamia. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya machungwa alilolishona mwenyewe, na sindano ameisahau kwenye ukosi. Mwalimu aliiona sindano kwanza.

"Hiyo itanitobolea vifaa."

"Nionyeshe safari zako, ndipo niichomoe."

Akamwonyesha ubaoni. Mwanamke akagusa picha ya meli iliyozama.

"Nataka hii."

"Umewahi kuzamia?"

"Kwenye beseni."

"Basi unaanzia matumbawe ya karibu. Maji ya kina kifupi, mchanga chini, hakuna mkondo. Kwenye meli kuna giza na vyuma, na anayeanza akiogopa hubana pumzi. Kule chini hatubani pumzi."

"Unaongea kama baba yangu."

"Ni mzuri kama mimi?"

"Yeye hajisifu."

Mapenzi yaliwaingia upesi. Kila siku mwalimu alimchagulia mahali penye kina kidogo zaidi, akamfunga mtungi wa hewa mwenyewe, na jioni akampigia simu hotelini.

"Mpenzi, umekausha masikio?"

"Njoo uyakague."

Lakini fundi alificha jambo. Nyumbani baba yake alisubiri kupasuliwa moyo, na ndiye aliyemfukuza akapumzike. "Uso wako unanichimbia kaburi, mama," alimwambia. "Nenda, ila urudi nikuone kabla hawajaniingiza chumba cha upasuaji." Mwanamke alitaka wiki moja ya kupendwa bila kuonewa huruma, akanyamaza.

Mwalimu naye alikuwa na lake. Kila anayezamia huambiwa kwamba hapandi ndege mpaka siku nzima ipite, maana hewa iliyobaki mwilini hugeuka mapovu akipaa, na mapovu hayo yanaweza kuua. Wageni wote aliwaambia. Huyu mmoja hakumwambia, na alasiri ya kuamkia safari yake ndipo alipompeleka kwenye meli.

Walipopanda botini, maji yakiwachuruzika, mwalimu alikuwa anacheka.

"Umenasa, mpenzi. Kesho ndege hupandi, ni hatari. Nimejiibia siku moja."

Mwanamke alivua miwani taratibu.

"Ndege nyingine ni lini?"

"Keshokutwa."

"Keshokutwa asubuhi baba anapasuliwa moyo. Aliniomba anione kwanza."

Kicheko kilimkauka mwalimu mdomoni.

Asubuhi mwalimu alimkuta hotelini amebeba begi, akamzibia mlango. "Ukipanda utafia angani."

"Ulijua hivyo jana?"

"Nilijua."

Fundi akakaa kitandani, akageukia ukuta. Siku ile aliyoiiba, mwalimu aliipata yote, na hakuambiwa neno. Simu ililia mara moja tu.

"Umechelewa, mama?"

"Nakuja, baba."

"Usikimbie. Njoo salama."

Kesho yake asubuhi baba alifia kwenye meza ya upasuaji, binti akiwa bado angani.

Miezi ilipita, simu za mwalimu hazikupokelewa. Mwishowe alifunga safari akamfuata. Alimkuta kwenye cherehani, amevaa nguo nyeusi, shela jeupe la mtu limemwagika magotini.

"Kaa," alisema. "Usilikanyage."

Mwalimu akakaa. "Sina la kujitetea. Nilikupenda, nikaogopa kukuomba ubaki."

"Nami nilikuficha. Hilo ni langu, sikubebeshi." Akakata uzi kwa meno. "Bado nakupenda, na hilo ndilo linalonitesa. Nikikuona, naisikia ile simu."

"Nilidhani kama ningekuomba, ungekataa."

"Ningekataa," alisema fundi. "Ningeenda kumwona baba. Halafu ningerudi."

Akavuta shela, akaendelea kushona. Mwalimu alikaa mpaka mwenye shela alipokuja kulijaribu, kisha akatoka.