Kaskazini ya Mokua

Siku ya kwanza Mokua kuipima nyumbani, saa yake ilisema kaskazini iko chooni.

Mokua alisimama uani kwake, pale Rongo, mkono ameunyoosha, macho kwenye ile saa ya dijitali yenye dira aliyoipata soko la Ntimaru kwa kubadilishana na baiskeli ya marehemu baba yake. Ndiyo, baiskeli, tena yenye dinamo. Mwaka ulikuwa wa tisini na sita, na Rongo nzima hapakuwa na mwingine aliyevaa kitu kinachojua njia. Lakini pale hata kuku anajua: ukisimama kwa Mokua, Homa Bay iko kushoto, Oyugis kulia, na kaskazini iko katikati yao. Choo kiko nyuma, upande wa Migori.

"Kumbe ukibanwa, inakuelekeza," alisema jirani yake Machuki, ameegemea ua. "Baiskeli haikuwa na akili hiyo."

Mokua alishusha mkono. Alikuwa ameionyesha hiyo saa kanisani Sabato nzima, hata wakati wa maombi. Mtu wa namna hiyo hawezi kukiri kwamba ametapeliwa. Akaenda sokoni kwa Oliver, Mkuria wa Kegonga aliyetengeneza saa na redio.

Oliver aliilaza saa juu ya ubao, akabonyeza, akaigeuza nusu mzunguko, akabonyeza tena. Mshale ukaenda moja kwa moja kaskazini, ukatulia.

"Hii ni nzima kabisa, mzee. Huko kwako kuna chuma kinaivuta. Ondoa redio, ondoa majembe, ondoa kila chuma, halafu uipime upya."

Mokua alirudi nyumbani akatoa redio. Akapima. Mshale ukatoka chooni ukaja kwenye migomba.

"Umeona?" alimwambia mkewe, Nyaboke. "Imeanza kusikia dawa."

Nyaboke hakucheka. Mgongoni alikuwa na Monari, mtoto wa miezi miwili, na tangu amzae alikuwa akihesabu pumzi zake. Wawili waliomtangulia walifia katika nyumba hiyo hiyo, wote kabla ya jino la kwanza. Kwa hiyo baiskeli haikuwa shida yake, wala kaskazini.

"Nani anakausha mumi?" aliuliza.

"Mumi gani?"

"Nasikia harufu. Ndani."

Hao walikuwa Wasabato, samaki asiye na magamba kama huyo kambare hakuwahi kuvuka mlango wao. Mokua alinusa, akasema labda ni kwa Machuki.

"Machuki ni Msabato kutushinda, Baba Monari."

Lakini Mokua alikuwa ameshaingia ndani kufuata majembe. Alitoa majembe, mshale ukahama migombani ukaja jikoni. Alitoa panga na shoka, ukaja kwenye kona ya nyumba. Alilaani, akaigonga saa kwa kidole, akazunguka nayo uani mara mbili kama jogoo aliyekanyagwa, na Machuki akaita wenziwe waje waone. Kitanda cha chuma kilimchukua mpaka adhuhuri, kwa sababu kilikataa kupita mlangoni, na yeye alikataa kusaidiwa. Kilipokwisha kutoka, mshale ukaja kwenye ukuta wa chumba cha kulala.

Saa nane mchana, jua linawaka, Nyaboke akasikia kitu kikijiburuta sakafuni nyuma ya pazia la chumba, chepechepe, kikasimama, kikajiburuta tena. Alifungua pazia. Hapakuwa na kitu, ila sakafu ya udongo ilikuwa imelowa mstari mmoja, na mtoto mgongoni aligeuza shingo polepole kuufuata, kama anayemtazama mgeni anapita.

"Baba Monari, acha hiyo saa," alinong'ona.

"Bado chuma kimoja."

Kilikuwa msumari wa inchi sita, umepigwa kizingitini mpaka kichwa. Aliupiga mama yake Mokua, Nyakerario, wiki waliyomzika mtoto wa pili, na hakueleza kitu. Nyakerario alikuwa Msabato siku ya Jumamosi, zile sita nyingine alikuwa na mambo yake.

"Huo ni wa mama. Muulize kwanza."

"Nimuulize ruhusa ya msumari? Nyumba ni yangu, saa ni yangu, na watu wote wananicheka."

"Mtoto naye ni wa nani?"

Mokua alichukua nyundo. Nyaboke alikuwa amemlaza Monari kwenye mkeka ili amshike mumewe mkono, na Mokua akamsukuma kwa kiwiko, akauuma msumari kwa kucha za nyundo, akavuta, ukalia kama mtu anayeng'olewa jino, akavuta tena akitukana huku jasho likimwingia machoni, na ulipotoka harufu ya mumi ikaingia mlangoni kama mtu mnene anayepita bila kupiga hodi, na mshale wa saa ukageuka taratibu, ukapita ukuta, ukapita pazia, ukaja ukasimama kwenye mkeka. Kilio cha Monari kikakatika.

Nyaboke alimbeba akakimbia naye hadi langoni. Mshale ukamfuata. Akaenda kwenye migomba. Ukamfuata.

"Unasemaje?" aliuliza kwa mbali.

Mokua aliifunika saa kwa kiganja.

Mtoto hakunyonya usiku huo wala asubuhi. Mwili ulikuwa baridi, na kinywa chake kilinuka matope ya ziwa. Adhuhuri ya siku ya pili Nyakerario alifika na Marcella, mjane wa mhunzi kutoka Homa Bay, mwanamke mfupi mwenye bangili ya chuma. Marcella aliitazama saa muda mrefu kuliko alivyomtazama mtoto.

"Hii haijakosea hata mara moja," alisema chini chini. "Jini huyu amezuiwa na chuma tangu msumari upigwe, asimfikie mtoto. Saa ilikuwa inakuonyesha alipo. Wewe, kila ukitoa chuma, ukawa unamfungulia."

"Mtoe, mama. Tafadhali," Nyaboke alisema.

"Atatoka, nyathina, mwanangu. Lakini hatoki bila kupewa pa kwenda. Na atamsikiliza aliyemkaribisha."

Wote walimtazama Mokua. Nyakerario alifunika uso kwa leso.

Marcella alichoma ule msumari motoni mpaka ukawa mwekundu, akauzamisha ndani ya maji, akamwosha mtoto kwa maji hayo. Mokua alisimama nje ya kizingiti, akaweka mikono wazi, na kwa sauti ambayo hata Machuki uani hakuthubutu kuicheka, akasema, "Njoo huku. Mwache. Njoo kwangu."

Monari alilia. Alilia kwa hasira, kama anayedai deni lake, na Nyaboke akampa ziwa akishindwa kuona kwa machozi. Msumari ukapigwa kizingitini palepale, mpaka kichwa.

Mokua, nje, alitazama saa. Akageukia Oyugis, mshale ukamwelekea kifuani. Akageukia Migori, kifuani. Akazunguka mzunguko mzima polepole, vile Oliver alivyogeuza saa, na mshale haukumwacha.

Hajavuka mlango huo tena. Anaishi Homa Bay ufukweni, anakausha samaki, na Jumapili huja Rongo, akakaa hatua moja kutoka kizingitini. Monari siku hizi anatembea. Humvuta baba kidole, amwingize ndani akaone paka wake. Mokua huinua mguu, akaushusha palepale.

"Mwambie aende akalete paka hapa," humwambia Nyaboke.

Na Nyaboke, kabla hajamruhusu mtoto kurudi mlangoni, hunusa kwanza.