Labeka ya Mwanapili

Looo! Kuna watu hukutana harusini, kuna watu hukutana msibani, lakini Mbwana na Mwanapili walikutana kwenye feri ya Likoni, na aliyewakutanisha ni mtungi wa chuma.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na sita, asubuhi, na feri imejaa kuku, vikapu na baiskeli. Mbwana alikuwa kijana wa Mji wa Kale, kazi yake kuonyesha picha katika sinema moja ya Mombasa, na alivaa anavyovaa mtu wa sinema: shati jeupe lililopigwa pasi likakubali, suruali ya marinda, nywele zinang'aa mafuta. Kando yake alisimama rafikiye Mangi, Mduruma wa Kinango, mzamiaji wa bandari ya Kilindini, mwenye kifua kipana na maneno machache. Mangi amepata likizo, na bwana wake amemwazima vyombo vya kuzamia vya mtindo mpya: miwani ya maji, viatu vya mpira vipana kama miguu ya bata, na mtungi wa hewa wenye mpira wa kupumulia. Walikuwa wakienda Diani kuzamia kwa raha zao tu. Mamake Mbwana aliposikia alisema, "Watu huzama kwa bahati mbaya, nyinyi mwalipa na nauli!"

Feri ikayumba. Mtungi ukatoka guniani, ukabingirika, ukamgonga msichana mguuni.

"Yallah, mguu wangu! Ni nini hii, bomu?"

Askari mmoja akageuka. Mbwana jasho likamtoka. "Bomu? Hapana, dada! Ni pumzi."

"Pumzi?"

"Pumzi ya kuendea chini ya bahari. Samahani sana."

Msichana akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. Buibui lake lilikuwa limeteremka mabegani, kanga ya rangi ya ndimu mbivu ikaonekana, na kifuani kapakata kichwa cha cherehani kama mtoto. Harufu ya asumini ilimfikia Mbwana kabla ya jibu.

"Mna mambo watu wa mjini. Sisi pumzi twapewa bure, nyinyi mwaitia chumani!"

Mbwana akacheka, na kucheka kwake ndiko kulikomponza. "Waitwaje, dada?"

"Muulize shangazi yangu huyo."

Shangazi Mwanasha alikuwa mnene, mwenye jicho kali na tasbihi mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mguu wa mwanangu ukivimba utakuja kuukanda."

"Nitaukanda, shangazi."

"Hee! Nilikuwa nakupima. Mkono wako na ukome hapo hapo!"

Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Feri ilipogonga ng'ambo, Mbwana alikuwa keshajua kwamba msichana ni Mwanapili wa Munje, kwamba hushona mapazia na vitambaa vya meza katika hoteli moja ya Wazungu huko Diani, na kwamba moyo wake yeye Mbwana haukuwa tena mahali ulipokuwa.

Walifikia Ukunda kwa binamu yake Mangi. Mchana wakizamia kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kuwa mtungi ni mmoja: mmoja chini, mwenziwe juu ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa aliye chini. Jioni Mbwana akioga, akijipulizia marashi, akaenda kumngoja Mwanapili akitoka kazini. Wakatembea wawili mbele, na shangazi Mwanasha nyuma, tasbihi yake ikienda polepole ili asikie vizuri.

"Haya, msafiri wa chini. Leo umeona nini?"

"Nimeona samaki wa manjano amevaa kama wewe."

"Ulimsalimia?"

"Alinipa mgongo, kama wewe."

"Mwongo! Mimi nimekupa mgongo lini?" Kisha sauti yake ikabadilika. "Na huko chini, Mbwana, wasikia nini?"

"Pumzi yangu tu. Yaenda, yarudi. Hakuna sauti nyingine."

"Hakuna anayekuita?"

"Nani aniite chini ya maji, mpenzi?"

Mwanapili hakucheka. Akasema, "Zamia kote utakako, lakini Munje usizamie. Kuna shimo kwenye mwamba, watu huliita Mlango wa Chiza, kwa kiza chake. Kakangu Chirau alikuwa akizamia majongoo ya bahari pale. Nguo zake tulizikuta jiweni zimekunjwa, yeye hatukumuona tena."

"Pole, mpenzi. Siendi."

Kwa adabu hakuuliza zaidi. Laiti angaliuliza!

Pumzi ya mtungini ikaisha, ikabidi warudi Mombasa kuujaza bandarini. Siku hiyo hiyo Mbwana akamwambia mamake kwamba amepata mke. Mama akauliza ni wa nani, akauliza anaswali, akauliza tena ni wa nani, kisha akasema wazee watakwenda Munje kuposa. Mbwana akaruka mpaka sinema, akaomba simu ya ofisini, akapiga hotelini Diani. Karani wa pale, bwana mmoja aitwaye Tembo, ndiye aliyepokea.

"Alo! Hoteli hapa."

"Bwana, naomba yule fundi wa cherehani."

"Yule mwenye mapozi? Ngoja."

Akasikia nyayo. Akasikia mkono ukishika simu. Akavuta pumzi, maneno yote yamejaa kinywani.

"Mwanapili!"

Kimya.

"Mwanapili!"

Kimya. Ndani ya waya palikuwa na pumzi tu, yaenda, yarudi, ile ile aisikiayo masikioni mwake akiwa chini ya bahari. Nywele zikamsimama. Kisha haya zikaja, na nyuma ya haya, hasira. Mtu yuko pale, amesikia jina lake, hataki kuitika! Akaibamiza simu.

Huko Diani, Mwanapili alibaki na simu sikioni, midomo imekaa tayari. "Amekata," akamwambia Tembo, na machozi yamemlenga. "Angalingoja kidogo tu."

"Mpigie tena, yakhe," Mangi alimshauri mwenziwe huku Mombasa.

"Simpigii. Aliyenyamaza amejibu. Kesho twaenda Munje."

"Munje umekatazwa."

"Nimekatazwa na nani? Mimi nina mtu?"

Mangi hakubishana naye, mtu wa mapenzi habishiki. Lakini kesho yake walipofika Diani alishuka garini kidogo pale hotelini, akamnong'oneza Tembo: "Mwambie fundi wako twaenda Mlango wa Chiza. Mwambie upesi."

Tembo akamwambia. Mwanapili akaacha mkasi ndani ya kitambaa, akamshika mkono shangazi aliyekuwa akimngoja nje, wakadandia lori la mboga lililokuwa likirudi Msambweni, upande wa Munje.

Maji yalikuwa yamekupwa walipofika Munje wale wawili, na jua la utosi, saa ambayo wenyeji hawamtumi mtoto ufukweni. Wakatembea juu ya mwamba mpaka ukingoni mwa shimo. Hapakuwa na upepo. Hata kunguru, waliojaa minazini, walikuwa wamenyamaza.

"Mahali hapa sipapendi," Mangi alisema.

"Hukuambiwa upaoe. Shika kamba."

Mbwana akashuka. Juu maji yalikuwa meupe, kisha ya buluu, kisha mbele yake ukafunguka mdomo wa pango, mweusi. Samaki walikuja mpaka kizingitini wakageuka, wote, hakuna aliyeingia. Na pale kizingitini, juu ya jiwe, aliona majongoo ya bahari yamepangwa safu, makubwa kwa madogo, kana kwamba mtu ameyaokota na kuyaweka hapo, na bado hajamaliza kazi yake.

Hapo ndipo alipoitwa.

"Mbwana!"

Sauti ya Mwanapili. Haikutoka juu. Ilitoka mle kizani, wazi na karibu, kama ya mke akimwita mumewe chakula kimeiva. Kinywa chake kikaanza kufunguka kwenye mpira wa kupumulia. Bado kidogo aseme "Naam." Maji ya chumvi yakamgusa ulimi.

"Mbwana!"

Basi pale, enyi watu, kilichomwokoa Mbwana si akili wala dua. Ni kununa! Ghadhabu ya simu ilimpanda upya. Ahaa, alijisemea moyoni, leo wanijua? Mimi nilikuita ukaninyamazia. Nami sikuitikii, hata uniite mpaka kesho. Akauma mpira kwa meno, akaligeuzia pango mgongo, kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Akangoja aitwe tena, ili apate kunyamaza tena. Hakuitwa. Kule kizani kikasikika kitu kama mtu anayeshusha pumzi. Mara kamba ikamkaza kiuno, ikamvuta juu kwa nguvu, mabega yakakwaruza mwamba, mpaka kichwa kikatoka juani.

Aliyeshika kamba hakuwa Mangi. Alikuwa Mwanapili, buibui halipo, kanga imelowa, viganja vinatoka damu. Mangi alikuwa nyuma yake, naye ameshika mkia wa kamba. Shangazi Mwanasha alikuwa ameketi juu ya mwamba, hoi, akisoma Ayatul Kursiyyu.

Mbwana akatema mpira. "Leo ndiyo waniita?"

"Sikukuita! Sijafungua kinywa tangu nifike, muulize Mangi. Nimeshika kamba tu."

Mangi akatikisa kichwa kuthibitisha. Hakuna aliyeita.

Mwanapili akamshika Mbwana mashavu, mbele ya shangazi, bila haya. "Umeitwa mara ngapi?"

"Mara mbili. Kwa sauti yako."

"Ukaitika?"

"La. Nilikuwa nimekununia."

Mwanapili akacheka, akalia, vyote pamoja. "Mjinga wewe! Mjinga wangu! Kwetu Munje, sauti usiyemuona mwenyewe huiitikii mpaka ikuite mara tatu. Binadamu huita hata mara kumi. Wale wasio binadamu huita mara mbili, mwito wa tatu hawana. Siku ile nilikuwa naokota kombe hapa. Nikamsikia Chirau akisema 'Naam!' Wala hakuna mtu aliyemwita."

Mbwana akaketi juu ya mwamba. "Kwa hiyo kwenye simu..."

"Simu ni nini kama si sauti isiyo na mtu? Nilikuwa nangoja wa tatu, ukanikatia!"

"Na jina lako lenyewe ni Mwana-pili! Mimi nikajua wa pili watosha!"

Hata shangazi akacheka. Kicheko chao kikaenda juu ya maji, kikakatika ghafla, kwa sababu kutoka shimoni, mchana mweupe, sauti ya kijana iliita. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka usingizini.

"Mwanapili!"

Rangi ikamtoka Mwanapili. Wote waliisikia. Mangi akaiachia kamba.

"Ni Chirau," Mwanapili alisema.

"Si yeye, mwanangu," shangazi alisema, akaanza tena kusoma.

"Mwanapili!"

Mwanapili akainuka. Akaenda mpaka ukingoni, miguu ikaingia majini, maji yakaanza kujaa. "Naungoja wa tatu," akasema, kwa sauti ya mtoto mdogo. "Akiita wa tatu, ni yeye. Nitamwitika. Kwa nini nisimwitike kakangu?" Akainamia shimo, akatega sikio. Miaka yote ile alikuwa na hamu ya sauti hiyo, na sasa ameipata. Midomo yake ilikwisha kufunguka, na Mbwana aliona kwamba hatangoja wa tatu.

Hakumvuta. Aliruka majini, akasimama mbele yake hasa, kati yake na lile shimo, maji yamemfika kifuani, uso wake chini ya uso wa Mwanapili.

"Mwanapili!"

Msichana akashusha macho. Akamuona: nywele za sinema zimelala kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, alama ya miwani usoni, midomo inatetemeka kwa hofu.

"Labeka," akasema.

"Nataka kukuoa."

"Umeniita mara moja tu."

"Mimi waniona."

"Nakuona," Mwanapili alisema, akampa mkono wenye damu, akalia kilio cha msiba ambacho hakuwa amekilia siku ya msiba wenyewe. Shangazi Mwanasha akamwacha alie. Nyuma yao shimo likanyamaza, na kunguru wakarudia makelele yao minazini.

Waliozwa Munje mwezi uliofuata, harusi ya pilau na chakacha, na Mangi akala mpaka akalegeza mshipi. Mtungi ulirudishwa bandarini, Mbwana akarudi kwenye picha zake, wakapanga nyumba Mji wa Kale.

Lakini watu wa Munje wabishana. Wako wasemao mwito wa Mbwana ulikuwa wa kwanza, kwa hiyo bibi harusi alimwitika mumewe, basi. Wengine wahisabu: miwili ya shimoni, na mmoja huo, mitatu. Kwa hiyo aliitika nini? Shangazi Mwanasha akiulizwa hujibu kwa ukali, "Mimi nilikuwa nasoma, sikuhisabu."

Mbwana naye hasemi lolote. Ila akimtaka mkewe, hata kwa chumvi tu, hamwiti kutoka barazani. Huinuka akamfuata jikoni, akasimama anapoonekana, ndipo akataja jina lake, na mkewe humjibu labeka kwa mwito wa kwanza, huku anatabasamu. Na zipo siku, mume yuko kazini na nyumba kimya, Mwanapili huacha kukuna nazi, mkono ukabaki juu ya mbuzi. Hutega sikio hivyo, akangoja wa tatu. Kisha huendelea kukuna.