Jina Katika Ubeti wa Mwisho

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Sumaiya hufungua mlango wa nyumba yao ya mtaa wa Turffontein polepole, huvua viatu, kisha hunyata mpaka jikoni. Si kwamba ni mtoto mpole. Majirani wote wanaijua sauti yake. Ni kwa sababu Mjomba Vuai, kaka wa mama yake, hulala mchana. Mjomba ni mlinzi wa duka moja karibu na Joubert Park, na zamu yake ni ya usiku.

Juu ya friji kuna daftari la Mjomba lenye jalada la bluu. Humo huandika mashairi, maana zamu ya mlinzi ni ndefu na mtu hawezi kuhesabu magari mpaka asubuhi.

Sumaiya, mwenye miaka kumi na miwili, alizaliwa hapa hapa Johannesburg, jiji ambalo wenyeji huliita Jozi. Kiswahili anakielewa chote, hata akisengenywa, lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kizulu akiwa na wenzake. Mama mdogo akipiga simu kutoka Zanzibar, Sumaiya husema, "Shikamoo," kisha humkabidhi mama simu haraka, kwa kuwa binamu zake humcheka. Kicheko hicho humuuma kuliko anavyoonyesha.

Jumamosi moja, kwenye darasa la Kiswahili katika ukumbi wa mtaa, Mwalimu Brigitte alipiga meza kwa rula. Mama huyu ni fundi cherehani kutoka Bukavu, na rula yake ni ile ile ya kupimia vitambaa.

"Watoto, mwisho wa mwezi tuko na Usiku wa Sanaa," alisema. "Watu wakubwa wataleta muziki, mashairi, michezo na picha. Na nyinyi, kila mtu ataleta kitu yake. Kitu ametengeneza yeye mwenyewe. Tumesikilizana?"

Gaël, mvulana anayechora hata kwenye viganja vyake, alisema ataleta picha. Sumaiya akajikuta amesimama. "Mimi nitaandika shairi. La Kiswahili."

Darasa zima likaangua kicheko. "Wewe?" Gaël akasema. "Eish! Tutaona."

Siku mbili Sumaiya alikaa na karatasi mbele yake. Aliandika mstari mmoja, akaufuta. Siku ya tatu, Mjomba akikoroma chumbani, alisogeza kiti, akapanda, akalishusha daftari la bluu.

Alichagua shairi la baridi, akalinakili lote. Katika ubeti wa mwisho alikuta jina la Mjomba, kwani ndiyo desturi ya mashairi ya namna hiyo: mtunzi hujitaja mwishoni ili watu wajue kazi ni ya nani. Sumaiya alifuta "Vuai," akaandika "Sumaiya." Kazi yote ilimchukua dakika kumi, na alirudisha daftari mahali pake kabla chai yake haijapoa.

Jumamosi iliyofuata, Mwalimu Brigitte alilisoma mara mbili. "Voilà! Hii ndiyo kazi!" akasema, akamkumbatia. Alimwomba Gaël achore picha kubwa ya kwenda na shairi hilo, na ubeti wa mwisho uandikwe chini yake. Gaël alichora vilima vya mchanga wa migodini, maghorofa, na mwanamke mwenye kikombe cha chai. Jina la Sumaiya aliliandika kwa rangi nyekundu.

Walipofanya mazoezi ya kuliimba, Mwalimu alipiga makofi kufuata mapigo. Kila mstari ulikuwa na mizani nane, yaani silabi nane, na makofi yalikwenda sawa hadi ubeti wa mwisho. Hapo yakapishana na maneno.

"Huu mstari iko na kitu," Mwalimu alisema, akiukunja uso. "Unazidi. Rudia." Sumaiya akarudia, ukazidi tena. Akajidai kukohoa.

Balaa lilikuwa nyumbani. Mama alishamweleza Mjomba habari zote.

"Nimemwomba mlinzi mwenzangu, Seif, anishikie zamu Jumamosi," Mjomba alimwambia asubuhi moja, macho yakiwa mekundu kwa usingizi na furaha. "Mwanangu katunga shairi la Kiswahili, hapa hapa Jozi! Usinionyeshe. Nataka nilisikie huko huko, pamoja na watu."

Sumaiya alifungua kinywa aseme. Lakini alimwona Mjomba anavyolipiga pasi koti lake la pekee, akashindwa. "Sharp, Mjomba," akasema, kama watoto wa Jozi wanavyosema "sawa," akachukua mkoba wake. Njia nzima ya kwenda shule alijiona mnafiki.

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa. Wakongo walipiga magitaa, vijana wa Tanga wakapiga ngoma, watoto wakaigiza mzozo wa foleni ya teksi hadi watu wakashika mbavu. Picha zilitundikwa ukutani kote. Mjomba Vuai alikaa mstari wa mbele, kanzu yake nyeupe chini ya lile koti. Kisha Sumaiya akaitwa.

*Jozi baridi yauma,*
*mifupa inatetema,*
*nikakumbuka kwa mama*
*chai yenye tangawizi.*

Watu waliguna kwa kufurahi. Mjomba alitabasamu, na midomo yake ikawa inayasema maneno pamoja naye. Halafu midomo ikasimama. Mjomba aliinamisha kichwa, akatazama mikono yake. Hakukunja uso, hakuondoka. Laiti angekasirika, Sumaiya angevumilia. Kule kuinamisha kichwa ndiko kulikomkata maini.

Aliendelea ubeti baada ya ubeti mpaka akafika wa mwisho.

"*Kalamu naweka chini,*" aliimba, akamtazama Mjomba. Kisha akaendelea:

*Vuai nimo jijini,*
*na kwetu kumo moyoni*
*ingawa naishi Jozi.*

Safari hii, kwa jina lile la silabi tatu badala ya nne, mstari ulitulia, wala haukuzidi. Watu walianza kupiga makofi, lakini Sumaiya aliinua mkono.

"Shairi si yangu," alisema kwa Kiswahili. "Ni ya Mjomba Vuai, yule pale. Mimi niliiba kwa daftari yake, nikaandika jina yangu. Mjomba, naomba msamaha. Mwalimu, na wewe pia."

Kiswahili kilikwenda upogo, lakini hakuna aliyecheka. Mwalimu Brigitte alimwomba Mjomba asimame, na ukumbi ukampigia makofi marefu. Sumaiya alishuka jukwaani akilia.

Mjomba alimfuata mpaka penye picha ya Gaël.

"Umeniumiza, sikufichi," alisema. "Ungeniomba, ningekupa uliimbe, na ningejivunia. Lakini sikiliza, mwanangu. Watu mia hupita mlangoni kwangu kila usiku, na hakuna anayejua naitwa nani. Pale kwenye ubeti wa mwisho ndipo ninapojitaja. Wewe ulinitoa hapo."

"Sikujua, Mjomba," Sumaiya alisema kwa kwikwi.

"Sasa umejua. Na umesema mwenyewe, mbele ya watu. Hilo nimeliona."

Gaël alikuja na brashi na kopo la rangi nyeupe. Alilifuta lile jina jekundu, akaandika "Vuai." Chini yake akapaka sehemu nyeupe, akaiacha tupu.

"Hapo ni kwako," alimwambia Sumaiya. "Picha inakaa ukutani mwezi mzima. Haraka ya nini?"

Kwa wiki mbili, kila jioni kabla Mjomba hajaenda kazini, Sumaiya alikaa naye mezani akihesabu mizani kwa vidole. Mjomba alimsikiliza, akatikisa kichwa, akacheka, lakini hakumpa hata neno moja. Jumamosi ya pili walikwenda pamoja ukumbini, na Sumaiya akasoma:

*Nimejifunza kusema*
*kweli japo inauma,*
*Sumaiya nasimama*
*mbele ya watu wa Jozi.*

Mwalimu Brigitte alipiga makofi kufuata mapigo, na hayakupishana hata mara moja. Mjomba naye alihesabu kwa vidole vyake, mstari kwa mstari, kisha akavikunja, hesabu imetimia.

"Watoto, mumesikia?" Mwalimu aliuliza darasa. "Ubeti moja tu, na imemtoa jasho wiki mbili. Ile shairi ya kwanza ilikuwa nzuri, lakini alikuwa anaogopa kila mara nikipiga makofi. Leo haogopi. Kazi ya mwenzako, hata ukiichukua yeye amelala, itakusumbua wewe uliye macho. Kazi yako hata kama ni ndogo, utaisimamia bila woga."

Gaël aliuandika ubeti ule kwenye ile sehemu nyeupe, na jina akaliandika kwa rangi nyekundu.

Jioni hiyo mama mdogo alipiga simu kutoka Zanzibar. Sumaiya alimwamkia, na mama akanyoosha mkono kuipokea simu kama kawaida.

"Ngoja, Mama," Sumaiya alisema. "Nina ubeti nataka kumsomea."