Jina Lililoitwa Chemchemini

Jumapili ile treni ya chini ya ardhi ilijaa hadi watu wakawa wanapumuliana shingoni, na bado kiti kilichokuwa kando ya Obdulia hakikukaliwa na mtu. Mama mmoja mjamzito alikisogelea, akakitazama, akaenda zake kushika bomba. Kijana mwenye maputo alitaka kukaa, akainuka hata kabla hajagusa. Obdulia alipitisha kiganja pale. Kiti kilikuwa kimelowa chepechepe, maji ya baridi, yananuka majani yaliyooza.

"Kuna mtoto kakojoa hapo," alisema mumewe, Nabor, aliyesimama na binti yao Yareli amemlalia begani.

"Mkojo haunuki hivi."

"Haya, daktari wa mikojo. Nipokee huyu mtoto, mkono umekufa ganzi."

Walikuwa wanatoka Chapultepec, ule msitu wa katikati ya jiji, kama familia nyingine za Mexico ambazo Jumapili hazina uwezo wa kwenda mbali. Walipiga makasia ziwani, wakala mikate yao ya maharage, Yareli akanunuliwa ngozi ya nguruwe ya kukaanga iliyomwagiwa ndimu na pilipili, akala huku machozi yanamtoka na kuomba nyingine. Mtoto mkubwa, Ulises, wa miaka tisa, hakuja. Alikuwa na tetekuwanga. Alibaki na Doña Crispina, mama yake Nabor, anapakwa dawa na kukatazwa kujikuna.

Jua lilipoanza kushuka walikuwa kwenye chemchemi ya zamani, chini ya ile miti mikubwa yenye ndevu za kijivu. Obdulia akafanya kama mama mkwe alivyomfundisha tangu alipozaa: ukiondoka na watoto mahali penye maji na miti mingi, waite mmoja mmoja kwa jina uwaambie wasibaki, kwa sababu mwili unaweza kutembea hadi nyumbani na roho ikabaki inacheza. Aliita bila kufikiri, mdomo ukienda wenyewe, kama mtu anayesali rozari huku akiwaza mboga.

"Yareli, twende, usibaki! Ulises, twende, usibaki!"

Nabor akacheka. "We mwanamke, Ulises yuko nyumbani anajikuna."

"Ulimi umeteleza tu."

Kutoka upande wa maji, nyuma ya shina, sauti ya mtoto ikajibu: "Nakuja, mama."

Msitu ule Jumapili umejaa watoto, na kila mtoto ana mama. Hawakugeuka.

Nyumbani kwao ni ghorofa ya nne. Doña Crispina aliwafungulia, wakaingia wote watatu, lakini yeye akabaki ameushikilia mlango.

"Mama, funga, baridi inaingia," alisema Nabor.

"Nasubiri muishe kuingia."

"Tumeisha."

Bibi akatazama ngazi, akatazama sakafu, kisha akamtazama mkwewe. "Mwanangu, umemwita nani kule?"

Obdulia aliona aibu. Alijua angesemwa mpaka Pasaka. "Yareli tu, mama," alijibu, akaenda kuvua viatu. Ulikuwa uongo mdogo, wa kukwepa maneno, wa aina ile ambayo hata kwenye kitubio tunasahau kuutaja, na Mungu atusamehe sote. Bibi akaufunga mlango. Kilichoingia kikawa kimeshaingia.

Asubuhi Obdulia alikoroga uji wa mahindi, akaita kutoka jikoni, "Ulises, njoo unywe uji!"

"Nakuja, mama," ikajibu sauti kutoka bafuni.

Aliweka kikombe mezani, akaendelea na kazi zake za sinki. Aliita tena, akajibiwa tena. Mara ya tatu akaenda chumbani kuchukua shuka, na huko akamkuta Ulises kitandani, macho wazi, anatazama dari.

"Si umesema unakuja?"

Mtoto hakugeuka. Alipomgusa bega ndipo akashtuka. "Mama! Umeingia saa ngapi?"

"Nakuita tangu muda ule."

"Sijakusikia ukiniita mimi." Akafikiri kidogo. "Nimesikia unamwita mwingine."

Obdulia alikwenda bafuni. Bomba lilikuwa limefungwa, lakini sakafuni palikuwa na maji, na kutoka kwenye maji zilitoka nyayo ndogo za miguu mitupu, zikafuata ukuta wa korido hadi jikoni, hadi kwenye kile kigoda cha Ulises, na juu ya meza kikombe cha uji kilikuwa kitupu, chini pameachwa tope na jani moja jeusi. Alifuta nyayo zile kwa tambara haraka, kabla mama mkwe hajatoka kwenye sala zake, na hakumwambia mtu.

Ikawa hivyo. Vipele vya Ulises vilikauka kwa usiku mmoja, ngozi ikawa laini na baridi kama ya samaki. Ukimgusa, alikujibu. Ukimwita kwa jina, hakusikia hata ukimpigia kelele sikioni, na jibu likaja kutoka mahali pengine: bafuni, nyuma ya friji, chini ya kitanda cha bibi. Kila jibu lilikuwa na furaha zaidi, na baada ya kila jibu mtoto wa kitandani alikuwa mwepesi zaidi, mpaka Nabor alipomnyanyua kumpeleka chooni alisema kwa sauti ya chini, "Obdulia, huyu mtoto ni kama nimebeba nguo zake."

Yareli alikuwa anacheza chini ya meza, anagawa vikombe vyake vya plastiki viwili viwili.

"Unacheza na nani?" aliuliza mama yake.

"Na Ulises."

"Ulises amelala ndani."

"Yule aliyelala hana jina," alisema mtoto, akasogeza kikombe kuelekea upande usio na mtu.

Jumapili iliyofuata walimpeleka kwenye zahanati. Walikaa kwenye benchi, Nabor amempakata mtoto, mpaka nesi akafungua mlango na kuita, "Ulises Barrientos!" Mtoto aliyepakatwa hakutikisa hata kope, lakini mwisho wa benchi, pale ambapo hapakuwa na mtu, mbao zililia kama zinavyolia mtu mdogo anaporuka chini, na kitu kilichotoa mlio wa miguu iliyolowa kikapita mbele ya magoti ya wagonjwa, kikampita nesi mlangoni, naye nesi akainamisha kichwa kukitabasamia kama anavyowatabasamia watoto wote, na tabasamu lile likabaki usoni mwake muda mrefu baada ya macho yake kuacha kucheka.

Daktari alisema ni uchovu wa homa. Apewe supu.

Siku ile Obdulia alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, jikoni, na kusema yote: jina aliloliita, sauti iliyojibu, uongo wa mlangoni, nyayo alizofuta. Doña Crispina hakumgombeza. Alilia polepole, akijifuta kwa aproni.

"Kwenye maji yale wapo watoto wa kijini," alisema. "Hawana majina, ndiyo shida yao. Wewe umempa moja. Ungeniambia Jumapili ile, mwanangu, ningemzuia pale mlangoni."

Akaenda kumleta Doña Fidencia, mwanamke anayeuza majani ya dawa sokoni, mnene, mwenye pumzi fupi, aliyepanda ngazi za ghorofa zote nne akizilaani. Alimpitishia mtoto yai mwilini kutoka utosini hadi vidoleni, akisali Nasadiki, kisha akalipasua ndani ya glasi ya maji. Hakikutoka kiini. Ulitoka utando wa kijani, na nyumba nzima ikanuka bwawa.

"Mganga wa kulitoa jini hili hapa hayupo," alisema Fidencia. "Halikuvunja mlango, liliitwa. Linarudi kwa kuachwa. Mnakwenda kulekule, wote, mnakaa kama mlivyokaa. Mnapoondoka mwiteni kila mtu ila jina hilo."

"Na Ulises wangu?" aliuliza Obdulia.

"Huyu mpe jina lingine, umwite kwa hilo. Atakayefuata ndiye wenu. La zamani lisitamkwe tena na yeyote maisha yenu yote. Na mkisikia mnaitwa, msigeuke, msijibu."

"Ni jina alilobatiziwa, Doña Fidencia."

"Najua. Mimi pia ni Mkristo."

Nabor aliuliza, "Na tukikosea?"

Mwanamke yule alikuwa anafunga kifurushi chake. "Nendeni kesho."

"Kesho Jumatatu, msitu umefungwa."

"Basi Jumanne. Unaniuliza mimi ratiba?"

Obdulia alichagua Eliseo.

Jumanne saa nne asubuhi msitu ulikuwa karibu mtupu. Mfagiaji mmoja alikuwa anakusanya majani, na kindi walishuka mitini kuomba karanga kama kawaida yao, lakini familia ile ilipokaribia wakakimbilia juu wakakaa kimya kwenye matawi. Nabor alikuwa amembeba mtoto mgongoni, amefungwa kwa mtandio wa bibi. Walitandika shuka karibu na chemchemi, wakafungua mikate ambayo hakuna aliyeweza kuimeza, Yareli peke yake ndiye aliyekula, na mara mbili alimega kipande akakiweka pembeni, na mara mbili walipotazama tena hakikuwepo. Hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya tope. Kwenye shuka, kati ya Obdulia na Yareli, palikuwa na mahali palipobonyea na kulowa, na palikuwa panaendelea kulowa.

Obdulia akasimama.

"Yareli, twende, usibaki. Nabor, twende, usibaki. Obdulia, twende, usibaki." Akamshika bega mtoto aliyekuwa mgongoni. "Eliseo, twende, usibaki."

Hakuna aliyejibu. Wakaanza kutembea.

Walikuwa wamefika kwenye kona ya njia sauti ilipotoka nyuma yao, na haikuwa ya furaha tena. "Mama? Mmenisahau."

"Usigeuke," alinong'ona Obdulia.

"Mama, sina viatu. Mama, mimi ni Ulises, mbona unaniacha, mimi ndiye uliyenipaka ile dawa ya rangi ya waridi na ukanichora paka tumboni ili nisijikune, baba ulicheka ukasema paka gani hana mkia, mama, kuna kitu kingine hapo mgongoni kwa baba, siyo mimi hicho, nimekuwa nakuita tangu Jumapili ile na hunisikii, mama, hapa pana baridi, mama, nisubirini!"

Nabor alisimama. Alikuwa analia wazi, mtu mzima, na shingo yake ilishaanza kugeuka, kwa sababu habari ya yule paka hakuwa ameisimulia mtu yeyote, na mgongoni kwake ule mzigo ambao tangu asubuhi ulikuwa hauna uzito wowote ulianza kuwa mzito, kidogo kidogo, kama ndoo inayojazwa, hadi mtandio ukamkata mabega, na Obdulia, asijue kama anamwokoa mwanawe au anamzika, alimsukuma mumewe kwa mikono miwili na kumbana Yareli sikio kwenye nyonga yake na kuwaburuta wote watatu, sauti ikiwafuata mti hadi mti, ikipungua, ikiomba, ikitaja sala ya malaika mlinzi ambayo yeye mwenyewe alimfundisha Ulises kabla hajajua kusoma, mpaka wakatoka kwenye lango na kelele za magari zikaimeza.

Pale kando ya barabara mtoto akainua kichwa. Alikuwa na uzito, alikuwa na joto.

"Mama," alisema, "nina njaa."

Walimkumbatia katikati ya watu wanaouza pipi na kofia.

Nyayo hazikuonekana tena. Mtoto alikula, akanenepa, akarudi shuleni, ambako walieleza kwamba sasa anaitwa Eliseo kwa nadhiri ya ugonjwa. Ukimwita anakuja mara moja. Ni mpole. Zamani alikuwa anampiga dada yake na kuficha maharage chini ya sahani, sasa hafanyi. Siku moja Nabor alijaribu kumtania kuhusu paka asiye na mkia, mtoto akacheka kwa adabu, kama anavyocheka mgeni.

Doña Crispina alimbusu siku ile waliporudi. Kesho yake asubuhi alifunga begi, akasema amezeeka, anataka kufia kwao milimani Puebla. Tangu hapo anapiga simu kila wiki, anamuulizia Yareli, anamuulizia Nabor. Halafu anakata simu.

Padre alimsikiliza Obdulia hadi mwisho. "Mtoto akiugua sana hubadilika," alisema. "Mpende aliyepo." Naye anampenda, hilo analiungama bila kusita. Humfunika shuka, humkata kucha, humwombea. Ila hajui anamwombea nani.

Jumanne watoto wakiwa shuleni hupanda treni. Nabor hajui. Hukaa kwenye ukingo wa chemchemi na mtandio umejazwa mdomoni, ameuma kwa nguvu zote, kwa sababu jina liko kwenye meno na kuliita ni neno moja tu, na akiliita litakuja, na hawezi kujua ni nini kitakachokuja. Nyuma ya shina sauti ndogo, ambayo sasa hailii tena, humuuliza kila mara vilevile:

"Mama, bado?"

Jua likipanda huutoa mtandio mdomoni, na hujiita mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kumwita: Obdulia, twende, usibaki. Juma lililopita alijiita mara sita kabla miguu yake haijakubali.